Uchovu wa Mama Si Uvivu

Katika vijiji vingi vya Kenya mwanamke ndiye huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Jogoo wa kwanza awikapo, yeye amekwisha kuwasha moto. Watoto huenda shule wameshiba uji alioupika, ng'ombe hukamuliwa, maji huletwa kutoka mtoni, na jua linapopanda yeye yuko shambani na jembe lake. Jioni kuna kuni za kutafuta, mboga za kuchuma na mtoto wa kunyonyesha. Mwanamke wa namna hiyo akisema kwamba amechoka, hapana ajabu. Uchovu wake una sababu iliyo wazi, na akilala vizuri usiku mmoja, asubuhi nguvu zake humrudia.

Lakini uko uchovu mwingine usiotoka kwa usingizi. Mwanamke hulala na kuamka amechoka vilevile. Akipanda kilima kidogo moyo humdunda na pumzi humwisha. Akisimama ghafula huona kizunguzungu. Jembe ambalo mwaka jana lilikuwa jepesi mkononi mwake sasa ni zito kama jiwe. Shamba hubaki na magugu, chakula huchelewa, na hasira huja upesi. Mume huuliza, “Mama watoto, mbona siku hizi umekuwa hivi?” Mama mkwe husema kwamba wanawake wa zamani hawakuwa hivyo. Majirani nao huwa na neno moja tu: mvivu.

Neno hilo limewaponza wanawake wengi. Mwanamke aliyekwisha kuitwa mvivu huona haya kusema kwamba anaumwa. Hujikaza, hunyamaza, na ugonjwa huendelea kumla ndani kwa ndani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yafaa kila mwenye nyumba ajue namna ya kutofautisha uchovu wa kazi na uchovu wa ugonjwa, maana huu wa pili mara nyingi una dawa, na dawa yenyewe si ghali.

DAMU NI MCHUKUZI

Sababu kubwa ya uchovu wa namna hiyo kwa wanawake wa nchi hii, na wa nchi nyingi duniani, ni upungufu wa damu. Ndani ya damu mna chembe nyekundu, na ndani ya chembe hizo mna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho hutengenezwa kwa madini ya chuma. Kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo, kama wapagazi wachukuavyo mizigo. Wapagazi wakipungua, mizigo hulala njiani. Misuli haipati haki yake, ubongo haupati haki yake, na moyo hulazimika kupiga mbio ili wapagazi wachache waliobaki wafanye safari nyingi. Ndiyo maana mgonjwa huhema kwa kazi ndogo.

Kila chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha hufa, na mwili huitengeneza nyingine badala yake. Chuma cha chembe iliyokufa hakitupwi, bali hutumika tena. Kwa sababu hiyo mwanamume mwenye afya huhitaji chuma kidogo tu kila siku. Mambo ya mwanamke ni mengine. Kila mwezi hupoteza damu, kwa kawaida mililita 30 au 40, na wengine hupoteza zaidi ya 80. Akishika mimba, mimba hiyo moja humtaka gramu 1 nzima ya chuma, kwa ajili ya mtoto, kwa ajili ya kondo, na kwa ajili ya damu yake mwenyewe ambayo huongezeka. Mwili wote wa mtu mzima una gramu 3 au 4 tu za chuma, na wa mwanamke huwa na pungufu ya hapo. Basi mama aliyezaa watoto wanne au watano wakifuatana upesi ametoa katika ghala lake zaidi ya alichoweka. Bandu bandu huisha gogo.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo. Mwanamke asiye na mimba apaswa kuwa na gramu 12 za hemoglobini au zaidi katika kila desilita ya damu. Mwenye mimba asipungukiwe na 11, ila katika miezi ya katikati ya mimba, ambapo 10 na nusu hukubaliwa. Kipimo hiki huchukua tone moja la damu ya kidole na dakika chache. Pasipo kipimo, dalili nyingine za kutazama ni weupe wa viganja, wa ulimi na wa upande wa ndani wa kope. Vidonda katika pembe za mdomo. Kucha zilizobonyea kama kijiko. Na hamu ya kula udongo. Hamu hiyo, ambayo watu huidhania kuwa tabia mbaya ya wajawazito tu, mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe waweza kuleta minyoo.

Si Waafrika peke yao waliopata shida ya kueleweka katika jambo hili. Katika Ulaya ya zamani wasichana wengi walipatwa na ugonjwa wa kuishiwa nguvu na kupauka uso. Mwaka 1554 tabibu Mjerumani, Johannes Lange, aliueleza kuwa ugonjwa wa wanawali, na shauri alilolitoa lilikuwa kwamba msichana aolewe. Karne nyingi zilipita kabla ya mambo kubadilika. Mwaka 1832 Mfaransa, Pierre Blaud, alitangaza vidonge vyake vyenye chuma, na wasichana waliovimeza walipona. Ndoa haikuwa dawa. Kilichokosekana kilikuwa chuma.

MNYOO ANYWAYE DAMU

Mwanamke aweza kula vizuri na bado damu ikapungua, kwa sababu kuna mwingine anayeinywa. Huyo ni mnyoo wa safura. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi cha mtu aliye nao. Yakianguka katika udongo wenye joto na unyevu, huanguliwa, na viluwiluwi vyake hungoja mguu usio na kiatu. Hupenya ngozi, huingia katika damu, hufika mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na mwisho hukaa katika utumbo na kuuma ukuta wake. Njia hiyo ya ajabu ilivumbuliwa kwa bahati na mtaalamu Mjerumani, Arthur Looss, mjini Cairo. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 alidondokewa mkononi na maji yenye viluwiluwi hivyo, akasikia mwasho, na baadaye akaona mayai ya safura katika choo chake mwenyewe.

Mnyoo mmoja wa aina iliyoenea zaidi katika Afrika hupoteza karibu mililita 0.03 za damu kwa siku. Ni kidogo kuliko tone. Lakini minyoo 100 hupoteza mililita 3 kwa siku, nayo ni mililita 90 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya damu ambayo mwanamke hupoteza kwa desturi yake ya kila mwezi. Na minyoo hii huishi miaka. Katika Pwani na sehemu za magharibi ya Kenya, penye joto na mvua, jambo hili si la kusahauliwa. Dawa yake ni nyepesi: kidonge kimoja cha albendazole cha miligramu 400, ambacho mjamzito hupewa baada tu ya miezi mitatu ya kwanza kupita. Lakini kidonge bila choo ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Choo cha shimo kitumiwe na wote, na viatu vivaliwe shambani.

Adui mwingine wa damu ni malaria. Vijidudu vyake huingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Mwanamke mwenye mimba yuko katika hatari zaidi, kwa sababu vijidudu hivyo hujificha katika kondo la nyuma, na aweza kupungukiwa na damu bila kuona homa kali. Ndiyo sababu kliniki za wajawazito hutoa chandarua chenye dawa, na katika sehemu zenye malaria nyingi hutoa pia vidonge vya kukinga.

DAKTARI MWANAMKE WA BOMBAY

Chuma si kitu pekee kinachohitajiwa. Mwaka 1928 daktari wa Kiingereza, Bibi Lucy Wills, alikwenda Bombay katika India kuchunguza upungufu wa damu ulioua wanawake wajawazito, miongoni mwao wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Damu yao ilikuwa na chembe kubwa kupita kiasi lakini chache. Hakuona kijidudu cha kulaumiwa. Alitazama chakula chao, akaona kwamba kilikuwa duni. Aliwapa nyani chakula cha namna hiyo, nao wakaugua. Akawapa nyani hao dawa ya hamira iliyosindikwa, iuzwayo kwa jina la Marmite, wakapona. Kisha akawapa wanawake, nao wakapona. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1931.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1941, wataalamu wa Marekani walikipata kitu hicho katika majani ya spinachi, wakakiita asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Leo mwanamke mjamzito wa Kenya aendapo kliniki hupewa kidonge kimoja chenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi hiyo, akimeze kila siku. Ndani ya kidonge hicho mna kazi ya Blaud na kazi ya Lucy Wills pamoja.

KILICHO CHUNGUNI NA KILICHO KIKOMBENI

Chakula cha kurudisha damu si cha matajiri peke yao. Ini, nyama na samaki, hata omena, vina chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi. Maharagwe, kunde, ndengu, mchicha, managu na majani ya kunde vina chuma pia, ila mwili hukipokea kwa shida. Yako mambo matatu ambayo hugeuza hali hiyo.

La kwanza ni tunda. Chungwa, embe, pera, papai au nyanya mbichi ikiliwa pamoja na chakula husaidia chuma cha mboga kiingie mwilini. La pili ni chai. Chai na kahawa vikinywewa pamoja na chakula hukizuia chuma kisipite. Si lazima kuiacha chai. Yatosha kungoja saa moja baada ya kula. La tatu ni kuloweka. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha na maji yale yakamwagwa, au unga wa uji ukichachushwa, vizuizi vya chuma hupungua. Mboga nazo zisichemshwe mpaka zikafa, wala maji yake yasimwagwe, kwa sababu foliki huharibiwa na moto mwingi na hutoka pamoja na maji.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani utiwe chuma na foliki. Jambo hilo ni jema, lakini mahindi yanayosagwa katika mashine za kijijini hayana nyongeza hiyo. Anayekula mahindi ya shamba lake na azidishe mboga.

Liko pia swali la nani hula nini. Katika makabila kadhaa, miongoni mwao Waluhya, mila ya zamani ilimkataza mwanamke kula kuku na mayai. Mila hiyo imefifia, lakini katika nyumba nyingi minofu bado huenda kwa baba na wageni, na mama hula mwisho, pamoja na mchuzi uliobaki chunguni. Mwenye kupoteza damu nyingi ndiye apataye nyama kidogo. Mkulima hafanyi hivyo kwa ng'ombe wake wa maziwa. Humzidishia yule anayekamwa.

MZIGO WA KICHWANI

Mwaka 1986 wataalamu, miongoni mwao Profesa Geoffrey Maloiy wa Kenya, walitangaza uchunguzi uliowashangaza watu wa sayansi. Walipima pumzi za wanawake wa Kijaluo, wachukuao mizigo kwa kichwa, na za wanawake wa Kikikuyu, wachukuao kwa mkanda wa kipajini. Iligunduliwa kwamba wanawake hao waliweza kuchukua mzigo wa hadi moja ya tano ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya za kutembea bure. Wengine walisoma habari hiyo wakaridhika kwamba mwanamke wa Kiafrika haumizwi na mzigo.

Hao hawakusoma mpaka mwisho. Ukivuka moja ya tano, mwili huanza kulipa, na kila kilo hulipiwa. Mwanamke wa kilo 55, moja ya tano yake ni kilo 11. Mtungi wa lita 20 za maji ni kilo 20, mbali na uzito wa mtungi wenyewe, na kuni mara nyingi huuzidi. Tena wale waliopimwa hawakuwa wagonjwa. Mwanamke mwenye damu pungufu hulipa mapema zaidi. Kwa hiyo mfereji wa bati wa kukinga mvua, tangi, punda au mkokoteni si anasa, bali ni sehemu ya matibabu.

UCHOVU USIO WA DAMU

Pengine damu hupimwa ikaonekana ni nzuri, na uchovu ungalipo. Hapo isisemwe kwamba basi ni uvivu kweli. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kidogo mno, jambo litokealo kwa wanawake zaidi kuliko wanaume, mgonjwa huchoka, huona baridi, hunenepa bila kula sana na hufunga choo. Ugonjwa wa sukari, kifua kikuu, virusi vya ukimwi na magonjwa ya moyo huanza mara nyingi kwa uchovu. Huzuni nzito nayo, hasa baada ya kujifungua, huondoa nguvu za mwili. Huo ni ugonjwa wenye tiba, wala si laana. Yote haya hupimwa au huulizwa na daktari.

Na uko ugonjwa ambao vipimo vya kawaida havijaweza kuuonyesha. Mwaka 1955, katika Hospitali ya Royal Free mjini London, watu karibu 300, wengi wao wauguzi wanawake, walishikwa na ugonjwa wa udhaifu na maumivu, hata hospitali ikafungwa kutoka Julai hadi Oktoba. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili waliandika kwamba yale yalikuwa mashaka ya kike tu, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba waliougua wengi walikuwa wanawake. Hoja hiyo iliwaumiza wagonjwa kwa miaka mingi. Mwaka 2015 kamati ya Taasisi ya Tiba ya Marekani, baada ya kupitia uchunguzi mwingi, ilisema wazi kwamba uchovu wa namna hiyo, uliodumu miezi 6 au zaidi, usioponywa na usingizi, na unaozidi kila mgonjwa ajitahidipo, ni ugonjwa wa mwili wa kweli. Mwaka 2021 miongozo ya tiba ya Uingereza iliacha kuwashauri wagonjwa hao wafanye mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua, kwa kuwa wengi walisema kwamba yaliwazidishia maumivu. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Mgonjwa husaidiwa kwa kuigawa kazi yake, kupumzika kabla nguvu hazijamwisha, na kuaminiwa.

NJIA YA KUPONA

Kwa mwanamke mwenye upungufu wa damu, kupona kuna utaratibu. Kwanza apimwe, ili sababu ijulikane. Wala asijinunulie vidonge vya chuma dukani kabla ya kupimwa, maana wako wenye ugonjwa wa selimundu, hasa katika Nyanza, Magharibi na Pwani, ambao upungufu wao ni wa namna nyingine. Atokwaye na damu nyingi kila mwezi aseme bila haya, kwa sababu huenda kuna uvimbe katika tumbo la uzazi, nao hutibika.

Vidonge vya chuma hugeuza choo kiwe cheusi, na pengine huleta kichefuchefu au kufunga choo. Hayo si sumu. Visimezwe pamoja na chai wala maziwa. Maji yenye ndimu hufaa. Viwekwe mbali na watoto, kwa kuwa mtoto mdogo akivimeza vingi aweza kufa. Nguvu huanza kurudi baada ya wiki chache, na hapa ndipo wengi hukosea, kwani wakijisikia wazima huviacha. Ghala la chuma bado ni tupu. Damu ikifikia kipimo chake, vidonge huendelea kwa miezi 3 hivi zaidi ili ghala lijae. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena mwili wapaswa kupewa muda. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba baada ya kujifungua mama angoje angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Shauri hilo haliwezi kufuatwa na mke peke yake. Lataka watu wawili, na kliniki ipo kuwaeleza njia.

Jambo lenyewe ni la uhai. Kutokwa na damu ndiko huua wanawake wengi zaidi katika uzazi duniani. Mwanamke aingiaye chumba cha uzazi akiwa na damu ya kutosha aweza kupoteza kiasi fulani akaokoka. Yule aingiaye na damu kidogo aweza kufa kwa kiasi hichohicho. Mume aliyempeleka mkewe kupimwa miezi sita kabla amefanya kazi ambayo usiku ule daktari mwenyewe hawezi kuifanya upesi.

Basi katika kila nyumba ambamo mama amechoka mwezi wa pili sasa, na usingizi haumsaidii, safari ya kliniki isingoje mavuno. Baba amsindikize, aulize hemoglobini ni gramu ngapi, aandike jibu katika daftari pamoja na tarehe, na mwezi ufuatao wakapime tena. Siku hizo za dawa, mtungi wa maji na ubebwe na mwingine.